Siku ya Jina Haina Mwaliko

Kabla ya kuketi, Bwana Hieronim Pabisiak alikuwa anapindua kiti. Kila mchana aliingia kilabuni kwangu, akavua kofia, akanisalimu, kisha akashika kiti kilicho karibu naye, akakiinua miguu juu na kukichungulia chini. Asipokuta alichokitaka, alikirudisha akashika kingine. Siku ya kwanza kumwona akifanya hivyo nilidhani anatafuta kunguni, nikamjia juu hapo hapo mbele ya wateja.

"Bwana wee, hapa hakuna kunguni! Ukiwataka nenda pale ng'ambo wanakouza bia ya maji!"

"Sitafuti kunguni, mama," akanijibu kwa kupayuka, maana masikio yake yalikuwa yameliwa na mashine. "Namtafuta mdogo wangu."

Watu wakaangua kicheko. Yeye wala hakujali. Aliniita, akanionyesha alama iliyochomwa kwa chuma cha moto chini ya kiti. Ilikuwa alama ya kiwanda cha viti cha Radomsko, mji mdogo ulioko kusini mwa hapa, ambao treni inaufikia kabla hujamaliza kusinzia. Mdogo wake, Walenty, alifanya kazi humo maisha yake yote, akipinda miti kwa mvuke iwe migongo ya viti. Viti vyangu nilikuwa nimevinunua kwa kuokoteza, vingine vya huku, vingine vya kule. Hieronim hakukalia kingine ila cha Radomsko.

"Huenda hiki kimepita mikononi mwake," alisema, akakaa, akaagiza supu.

Ndugu hao wawili walikuwa hawajasemezana tangu siku mama yao alipozikwa.

Hapa Bałuty, mtaa wetu wa Łódź, kila mtu alimjua Hieronim, angalau kwa sauti. Alikuja Łódź akiwa kijana kutoka kijijini, akaingia kiwanda cha nguo, akawa fundi wa mitambo ya kufumia. Waliofanya kazi kwenye kumbi zile za mitambo wote ni nusu viziwi. Ukipanda ngazi za nyumba zetu utasikia redio kila mlango, na kila redio inapiga kelele kama mnadani. Mke wake, Leokadia, alikuwa mfumaji humo humo. Walichumbiana kwa kusomana midomo, kwa sababu ndani ya ukumbi ule hakuna sauti ya binadamu inayosikika. Siku moja, vodka ikiwa imemlegeza kidogo, aliniambia kwamba hakuwahi kusikia Leokadia akimkubali. Aliona tu midomo ikisema ndiyo, akaendelea kukaza nati.

Hawakujaliwa watoto. Kisha viwanda vikafungwa, mitambo ikakatwakatwa ikauzwa kama chuma chakavu, na Hieronim akasimama ng'ambo ya barabara akiangalia inavyopakiwa. Leokadia alikuwa bado hai wakati huo na alimshika mkono. Baadaye naye akaugua, akafa kabla majani ya masika hayajachipua, na mzee akaanza kula kwangu.

Baada ya mazishi hakuweza kuingia kwenye nyumba iliyonyamaza. Akajianzishia desturi: kila atokapo anaiacha redio ikiongea jikoni, tena kwa sauti ya kiziwi, ili akifungua mlango akute kuna mtu. Rafiki yake Kajetan, fundi mwenzake wa zamani, alikuwa anamchokoza kwa hilo kila siku.

"Hirek, hiyo redio yako inalipa kodi?"

"Inalipa. Inanipa habari. Wewe unanipa nini?"

"Mimi nakupa sura nzuri ya kutazama ukila."

"Ndiyo maana supu inanishinda."

Hivyo ndivyo alivyokuwa: mtani, mwenye kelele, mkaidi kama msumari wenye kutu. Lakini ukimtajia Radomsko aliinamisha kichwa kwenye bakuli, na mzaha ukaishia hapo.

Mama yao aliishi kwa Walenty. Alikufa mwezi wa Januari, ardhi ikiwa ngumu kama chuma, na Walenty akapiga simu kiwandani kwa kaka yake. Ujumbe ulilala ofisini hadi mtu fulani alipoukumbuka. Hieronim alipofika Radomsko kaburi lilikuwa limeshafukiwa na watu wamekaa kilabuni kwenye karamu ya matanga, wako kwenye bakuli la pili. Walikuwa wanakula zalewajka, supu yetu chachu ya unga uliovundikwa, yenye viazi, kitunguu saumu na uyoga mkavu, iliyopikwa kama marehemu alivyokuwa akiipika.

"Mmemfukia mama yangu kama mbwa!" Hieronim akapiga kelele mlangoni. "Hamkuweza kunisubiri?"

"Tulisubiri, Kaka, mpaka padri akakataa," Walenty akamjibu bila kuinuka. "Na yeye alikusubiri. Alikusubiri miaka. Ulikuja mara ngapi?"

Kilichomuuma ni kwamba ilikuwa kweli. Walipomwekea bakuli mbele yake alilipindua mezani, supu ikawamwagikia wajomba na shangazi, akatoka akarudi stesheni. Tangu hapo kila mmoja alikaa mjini kwake akimsubiri mwenzake aanze.

Kwenye mazishi ya Leokadia, Walenty alikuja. Alisimama nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango, kofia mkononi.

"Nilimwona," Hieronim aliniambia. "Lakini nilikuwa nimebeba jeneza, Mama Dosia. Ungetaka nilitue nikamsalimu?"

"Na baada ya jeneza?"

"Baada ya jeneza alikuwa ameshaondoka."

Basi, kiangazi cha mwaka ule ule, Hieronim akaingia kilabuni ananukia sabuni, amenyoa, macho yanang'aa. Alikwenda moja kwa moja kaunta bila hata kupindua kiti. Bogna, binti wa Walenty, alikuwa amempigia simu nyumbani.

"Ameniambia hivi: 'Baba mkubwa, baba anauliza kama bado unafanya siku ya jina lako.' Unasikia? Anauliza!"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nafanya, kama kawaida. Jumapili ya mwisho wa Septemba, baada ya misa, kama alivyokuwa akifanya Leokadia."

"Ukamwambia aje?"

Akaniangalia kana kwamba nimemwambia avue suruali.

"Siku ya jina haina mwaliko, mama. Wewe umezaliwa wapi? Mtu ana mtakatifu wake, siku inajulikana, meza inawekwa. Mwenye mapenzi anakuja, asiye nayo abaki kwake. Mimi nikimwita atakuja kwa kuwa nimemwita. Nataka aje kwa kuwa anataka."

Nikamkubalia, kwa sababu ndivyo ilivyo kwetu. Hata mimi, kwenye siku yangu ya jina mwezi wa Mei, sijawahi kumwita mtu. Napika, navaa, nakaa nikitazama mlango na roho mkononi kama kila mtu. Kwa hiyo nilimmiminia glasi ndogo ya vodka, nikamwambia mtakatifu Hieronim amsaidie. Toka siku hiyo mzee alianza kuhesabia kila kitu kwa siku ya jina lake. Suti ipelekwe kwa dobi kabla ya siku ya jina. Jino ling'olewe kabla ya siku ya jina, asije akatafuna upande mmoja mbele ya Walek, kama alivyozoea kumwita Walenty.

Tatizo lilikuwa chakula. Meza ya siku ya jina bila ile miguu ya nguruwe iliyochemshwa mpaka mchuzi wake ukaganda, bila samaki wa chumvi na kitunguu, si meza. Leokadia ndiye aliyekuwa akipika vyote. Mwanzoni mwa Septemba Hieronim alinijia na sufuria iliyofunikwa taulo.

"Mama Dosia, mbona haigandi?"

Nikafunua. Maji yenye karoti.

"Umeweka miguu?"

"Miguu gani?"

Jamani, nilicheka mpaka nikashika meza. Kajetan alicheka mpaka akatoka nje kupumua. Kisha akarudi akifuta macho akasema, "Hirek, usiue watu. Ifanyie hapa. Mama Dosia atapika, sisi tutakula, na redio yako itatunza nyumba."

Hieronim aliona ni jambo la busara. Mtaa mzima uliona hivyo. Ni mimi tu niliyepata wasiwasi moyoni, na siku iliyofuata, nikimpa kijiko, nikamuuliza.

"Na Walenty? Nani atamwambia kwamba meza imehamia huku?"

"Bałuty nzima inajua."

"Walenty haishi Bałuty."

"Ataniulizia."

"Mpigie Bogna. Mtajie mahali tu, basi."

"Kumtajia mahali ni kumwita."

"Kichwa cha mbao wewe!"

"Mbao inapindwa kwa mvuke," akasema, akipuliza supu yake, ameridhika kabisa na jibu lake. "Muulize mdogo wangu. Halafu, unasahau kwamba jirani yangu ni Pelagia. Yule anajua hata nikikohoa. Walek akigonga, Pelagia atatoka na kumleta hapa kwa mkono."

Hilo lilinituliza. Pelagia ni kweli anajua nani kanunua nini sokoni kabla mwenyewe hajafika nyumbani. Nikaliacha.

Jumapili ile jua lilikuwa la dhahabu, na kokwa za miti ya barabarani zilikuwa zinaanguka juu ya magari. Nilitandika kitambaa cheupe. Niliweka miguu ya nguruwe iliyoganda vizuri, ikitetemeka sahanini, siki pembeni. Niliweka samaki wa chumvi, matango ya pipa, na ulimi wa ng'ombe kwa mchuzi wa mzizi mkali unaotoa machozi. Na jikoni, kwenye sufuria yangu kubwa kuliko zote, nilikuwa na zalewajka, kwa sababu aliniagiza mwenyewe.

"Iwe kama ya mama," alisema. "Safari hii sitaimwaga."

Alivaa suti. Alipindua viti vyangu vyote, kimoja baada ya kingine, akachagua chenye alama iliyosomeka vizuri kuliko vyote, akakiweka upande wake wa kulia na kulaza kofia yake juu. Wageni walikuja na maua mekundu, kila mtu na shada lake, wakambusu mashavuni, wakamwimbia aishi miaka mia. Mke wa Kajetan akataka kukalia kile kiti.

"Pana mtu," Hieronim akamwambia.

"Yuko wapi?"

"Yuko njiani."

Kila mlango ulipofunguka alijiinua nusu, mkono umeshika meza. Akaingia mwuza magazeti. Akaingia padri, akala, akaondoka. Aliingia mgeni mmoja aliyepotea akiulizia kituo cha tramu, na Hieronim alikuwa ameshasimama wima, koti kalifunga, uso umemchanua. Nilipomwona akikaa tena nilirudi jikoni nikajifanya nakata mkate. Supu niliiongeza maji, nikaiongeza tena, viazi vikaanza kuvunjika. Utani ulikwisha mezani. Watu walikula kwa kuinama, kama watoto wanaojua baba amekasirika lakini hawajui ni kwa nini.

Jua lilipokuwa limehama mezani likafika ukutani, Hieronim aliinua kofia yake kutoka kitini.

"Jamani," akasema, "mnisikie. Mimi sina ndugu. Nilikuwa naye, sasa sina."

"Hirek, acha hizo," Kajetan akamwambia. "Treni za Jumapili unazijua."

"Sina ndugu! Mama Dosia, niletee supu yake."

Nikaleta. Niliogopa ataipindua, nikabaki nimesimama hapo na kitambaa mkononi. Hakuipindua. Aliila yote, kijiko kwa kijiko, machozi yakidondokea humo humo, na hakuna aliyethubutu kumtazama. Alipomaliza akakiinua kile kiti cha Radomsko, akakiweka juu ya meza miguu juu, kama tunavyofanya tukifunga.

Nilimsindikiza mimi, maana alikuwa amekunywa na mashada hayakuenea mikononi mwake. Kulikuwa bado mchana. Anakaa ghorofa ya juu kabisa, na tangu ngazi za chini nilisikia redio yake. Ilikuwa kile kipindi cha vichekesho cha Jumapili, wanaume wanaongea wote kwa pamoja na ukumbi mzima unacheka. Tulipanda. Tulipofika mlangoni tukaona kwenye kitasa kumefungwa maua mekundu, na pamoja nayo shada refu la uyoga mkavu uliotungwa kwenye uzi.

Hieronim aliyaachia mashada yote yakaanguka sakafuni. Akashika ule uzi, akaupitisha vidoleni polepole kama anasali. Baada ya kila uyoga palikuwa na fundo.

"Mama alifunga hivi," akasema. "Hakuna mwingine anayefunga hivi. Watu wote wanatunga tu. Mama alifunga ili uzi ukikatika usiupoteze wote."

Mlango wa pili ukafunguka kidogo, mnyororo ukiwa bado umewekwa, na pua ya Pelagia ikatokeza.

"Ameondoka kabisa yule tapeli?"

"Tapeli gani?" nikamuuliza mimi.

"Si yule mzee wa koti! Amegonga hapo mpaka nikaumwa kichwa. 'Kaka, fungua, ni mimi, Walek.' Mimi nikasema moyoni, ahaa, ndio wale wale wanaojifanya ndugu za wazee. Si juzi hapo chini wamemliza mama wa watu kwa kujifanya mjukuu? Sikufungua ng'o. Nikamwangalia kwenye tundu."

"Ulimwangalia," nikasema.

"Nifanyeje? Amekaa sana, Mama Dosia. Akaweka sikio mlangoni. Akasema, 'Kaka, nakusikia uko ndani, una wageni.' Akasubiri. Huko ndani watu wanacheka tu. Basi akasema, 'Haya, chekeni.' Akatundika hivyo vitu akashuka, na alikuwa anashuka vibaya, ameshika ukuta." Ndipo akamtazama Hieronim usoni, akaufungua mnyororo. "Yesu na Maria. Kumbe kweli alikuwa ndugu yako?"

Hieronim alifungua mlango. Redio ilikuwa mezani jikoni, watu wake bado wanacheka. Aliizima. Niliwahi kufika nyumba ile mara nyingi wakati wa Leokadia na baada yake, lakini kimya cha namna ile sikuwahi kukikuta. Mzee alikaa kwenye sakafu na suti yake ya dobi, uyoga mapajani.

"Alidhani nipo," akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikujua kwamba anayo. "Alidhani nipo, namcheka."

Nililia. Sioni aibu kusema. Nililia kwa ajili yake, nikalia kwa hasira vilevile, nikamtukana Pelagia kimoyomoyo, nikamtukana mtakatifu Hieronim, nikaitukana na hiyo desturi yetu ya kukaa kila mtu mezani kwake akisubiri kupendwa bila kuomba. Kisha tukapiga simu kwa Bogna. Iliita ikaita, hakuna aliyepokea.

Alitaka uyoga ule ule uingie kwenye supu. Niliuloweka, nikapika upya, na asubuhi alikuja kuchukua mtungi wa supu, nikamfungia kwa taulo usipoe. Akapanda treni nao mapajani. Yaliyofuata nimeyapata kwa Bogna, maana Hieronim hayasemi.

Bogna ndiye aliyemfungulia, macho mekundu. Moyo wa Walenty ulikuwa mbovu tangu masika, na daktari alikuwa amemkataza ngazi. Alipotoka nyumbani Jumapili aliwaambia anakwenda kwa kaka yake na hataki kusindikizwa. Aliporudi alilala amegeukia ukuta. Walipomuuliza, alisema, "Alikuwepo. Alikuwa na wageni wake, wanafurahi. Hakunifungulia." Hakusema zaidi. Usiku walimkimbiza hospitali.

"Sikuwepo!" Hieronim akamwambia Bogna pale mlangoni, mtungi kifuani. "Mwanangu, sikuwepo! Ni redio!"

"Twende ukamwambie mwenyewe, baba mkubwa," Bogna akamjibu. "Ila sijui kama anasikia."

Walenty alikuwa amelala na mirija puani, macho yamefungwa, mikono yake mikubwa imewekwa juu ya shuka. Nesi aliwaambia waongee polepole. Hieronim akainama mpaka sikioni. Lakini yule mtu hajui kunong'ona. Tangu ujana wake alikuwa hajui mtu anasikiaje bila kupigiwa kelele.

"Walek! Sikuwepo! Nilikuwa kwa Dosia, nakula! Nilikuwekea kiti! Ni redio, Walek, ni redio ile, nyumba ilikuwa tupu!"

Wagonjwa waliamka. Nesi akaja mbio kumtoa, na yeye ameshika chuma cha kitanda, anarudia yale yale. Wodi nzima ilisikia. Walek ndiye hatujui.

Alikufa jioni hiyo. Kwenye mazishi, jeneza halikuteremshwa mpaka Hieronim aliposimama pale mbele. Nilikwenda na Kajetan. Baadaye, kwenye kilabu cha kule Radomsko, waliandaa zalewajka, na Bogna akampelekea baba yake mkubwa bakuli kwa mikono yake mwenyewe. Hieronim alilishika kwa mikono miwili mpaka supu ikapoa. Ule mtungi niliomfungia Hieronim, aliurudisha Łódź vilevile ulivyokuwa, haujafunguliwa, na kumwaga hakuweza, na kula hakuweza. Ulikaa dirishani kwake hadi ukaota ukungu.

Bado anakula kwangu. Anakalia kiti chochote kile, wala havichungulii tena. Kajetan anajaribu kumtania na yeye anatabasamu, kwa adabu, kama mtu anayetabasamu na mgeni. Redio aliifunga kwenye gazeti akampa Pelagia, na Pelagia, ambaye tangu siku ile hakutani naye kwenye ngazi bila kulia, ameiweka kabatini.

Na kila atokapo nyumbani anatundika kipande cha boksi kwenye kitasa. Ameandika kwa herufi kubwa za fundi. "Nimekwenda kununua mkate, narudi." "Niko kanisani." "Niko kwa Dosia, nakula. Njoo." Mtu yule yule aliyekataa kutaja mahali kwenye simu, sasa anaita kila anayepita kwenye ngazi, msoma mita na mfagiaji wakiwemo. Watoto wa jengo walikuwa wanavifuta na kuandika upuuzi wao. Nilikwenda nikawakamata masikio, wakaacha.

Majira haya ya baridi alipatwa na kikohozi, ikabidi nimpelekee supu. Kwenye kitasa nilikuta boksi limeandikwa: "Nipo ndani. Sisikii vizuri. Usigonge, ingia tu." Nikasukuma, mlango haukuwa umefungwa. Bałuty hii hii!

"Bwana Hieronim, watakuibia mpaka blanketi!" nikampigia kelele.

"Waibe."

"Unamwandikia nani? Hebu niambie. Nani amebaki wa kuja?"

Alikuwa amelala kwenye kochi na koti la Leokadia miguuni. Alifikiri sana, kama swali langu lilikuwa la kweli.

"Sijui, Mama Dosia," akasema. "Hata yeye, sikujua kama atakuja."

Nikamwekea supu mezani, nikamshika mgongo mpaka akala kidogo. Nilipotoka lile boksi lilikuwa limegeuka kwa upepo wa ngazi, maandishi yametazama mlango. Nikaligeuza, nikalinyoosha ili mtu anayepanda alisome toka chini.